Paka wa marehemu mama hashuki kabatini tangu nilete mtoto wa mbwa. Nifanyeje?

MamaTumaini

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni. Nipo Kihonda, Morogoro. Nina jambo linaninyima usingizi, na najua humu wapo watu waliofuga kwa miaka.

Nina paka jike anaitwa Kadogo, ana miaka sita. Alikuwa wa mama yangu. Mama alipofariki mwaka juzi, Kadogo alibaki amelala kwenye kiti chake cha barazani, haingii ndani, mpaka nilipomtia kwenye kikapu cha sokoni nikaja naye kwangu. Toka siku hiyo nikirudi kazini ananipokea mlangoni.

Jumamosi iliyopita mfanyakazi mwenzangu alinipa mtoto wa mbwa wa wiki tisa, dume, mbwa wetu hawa wa kawaida, kahawia na kifua cheupe. Mwanangu Tumaini kampa jina Simba. Tulimhitaji kweli, maana vibaka wameshaturukia ukuta mara mbili, mara ya kwanza kuku, ya pili mtungi wa gesi.

Kosa nililifanya siku ileile. Nilimtua Simba katikati ya sebule nikidhani wataangaliana tu. Kadogo alikuwa chini ya meza. Simba akamwendea mbio, mkia unazunguka mwili mzima, akamrukia mgongoni. Kadogo alivimba, masikio akayalaza nyuma, akamkwangua pua. Damu ikatoka. Simba alilia mpaka jirani akachungulia.

Tangu hapo Kadogo anaishi juu ya kabati la vyombo. Hushuka usiku tukishalala, anakula dagaa wachache, anarudi juu. Juzi kakojoa kitandani kwa Tumaini, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Na Simba naye usiku analia, saa tisa naamka, saa kumi na moja naamka, nimechoka.

Mume wangu anasema paka ahamie stoo. Mimi siwezi. Je, nimrudishe mbwa? Au wanaweza kuzoeana?

Kijana_wa_Msamvu

Dada usijisumbue, waache wamalizane wenyewe. Wiki moja tu watajua mkubwa nani. Kwetu ndivyo ilivyokuwa.

BiMwana_Tanga

Mwanangu MamaTumaini, pole sana kwa mama, na pole kwa huyo Kadogo, maana yeye nyumba inambadilikia mara ya pili sasa.

Kijana, naomba usimpe mwenzio ushauri huo. Paka akikwangua hulenga uso. Mbwa wangu wa kwanza alipoteza jicho la kushoto akiwa na miezi mitatu kwa sababu niliwaacha wamalizane. Sijajisamehe mpaka leo.

Sisi ni Waislamu, mate ya mbwa kwetu ni najisi, kwa hiyo mbwa wetu analala bandani uani na paka wapo ndani. Utaratibu huo wa dini ndio ulionifundisha kitu: kila mmoja akiwa na pahala pake ambapo mwingine hafiki, hapana vita. Kadogo hakupanda kabatini kwa kiburi. Amepanda kwa sababu huko ndiko peke yake Simba hafiki. Basi mpe huko juu pawe pake hasa. Mtandikie kitambaa, mpandishie maji na chakula hukohuko, usimshushe kwa nguvu na usikubali mtoto amchokoze. Stoo hapana. Ukimfungia stoo umemwambia kwamba mgeni kashinda.

Sasa wa kufundishwa ni Simba, si paka. Mimi nilifanya hivi. Siku nne za kwanza hawakuonana kabisa. Nilichukua kipande cha kanga kuukuu, nikakilaza alipolala mbwa, kesho yake nikakiweka karibu na sahani ya paka, si juu yake, karibu tu. Na cha paka nikampelekea mbwa. Wakawa wanakula huku wananusana bila kuonana. Kisha nikawaonyesha kwa mbali, mlango wa wavu katikati, mbwa kafungwa kamba. Kila mbwa alipomtazama paka halafu akageuza kichwa kunitazama mimi, nilimpa kipande cha utumbo uliochemshwa. Akivuta kamba, naondoka naye kimya, simpigi. Dakika tano zinatosha. Mtoto wa mbwa hana subira ya zaidi ya hapo.

Ilituchukua wiki sita. Usihesabu siku, mtazame paka. Akiwa amekaa na mkia umetulia, macho anayafumbafumba taratibu, songa mbele. Akipiga mkia huku na huku, rudi nyuma hatua moja.

Kuhusu kile kitanda, usimkaripie. Mkojo ule ni hofu. Je, beseni lake la mchanga liko wapi?

MamaTumaini

Bi Mwana, asante sana mama yangu, umenitoa machozi. Beseni liko uani karibu na bafu. Na kweli, Simba ndipo anaposhinda mchana! Sikuwa nimeliona hilo. Isitoshe nimemkuta mara mbili akila kinyesi cha paka mle ndani.

Mifugo_Kilosa

Dada, nimesoma mifugo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hapo Morogoro, na sasa nahudumia vijiji vya huku Kilosa. Bi Mwana amemaliza mambo ya tabia, nami naongeza ya afya, kwa sababu hapo kwenye beseni pana hatari. Mbwa wadogo wanapenda kinyesi cha paka, na minyoo hupita hapo. Lihamishie chumba ambacho Simba hafiki, au weka kizuizi ambacho paka anaruka na mbwa hawezi. Kitanda cha Tumaini nacho kitapona hapo.

Simba apewe dawa ya minyoo sasa, irudiwe kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe miezi mitatu. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi ya mbwa, huanza wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita, kwa hiyo kama hajaanza, wahi. Kabla hajazimaliza usimtembeze mitaani wala asinuse mavi ya mbwa wa watu, maana parvo inaua haraka. Kichaa cha mbwa achanjwe akitimiza miezi mitatu. Na Kadogo naye achanjwe. Watu wanasahau kwamba paka anaugua kichaa vilevile. Upo Morogoro, hospitali ya wanyama ya SUA haiko mbali nawe. Ikitokea mnyama asiyejulikana akamng'ata mtoto, osheni kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Usiku anakulilia kwa sababu juzi tu alikuwa amelala katikati ya ndugu zake. Mwekee boksi karibu na chumba chenu, na nguo uliyoivaa. Wiki tisa hawezi kubana mkojo usiku kucha, kwa hiyo huko kuamka saa tisa hakukwepeki kwa sasa. Mtoe akojoe, usicheze naye, akikojoa msifu, mrudishe.

Jambo la mwisho nalisema kwa herufi kubwa: DAWA YA KUPE YA MBWA USIIWEKE KARIBU NA PAKA. Nyingi zina permethrini, sumu ya kuua wadudu, au jamii yake. Mbwa anaihimili, paka inamuua.

Juma_wa_Dakawa

Naunga mkono hilo la dawa kwa uchungu. Mwaka jana nilimwogesha mbwa wangu dawa ya josho, niliyopimiwa dukani kwenye chupa ya soda, muuzaji hakuniambia lolote. Paka wangu alikuwa na tabia ya kulala tumboni kwa mbwa. Magharibi nikamkuta anatetemeka miguu, mate yanamtoka, shingo imekaza. Nilimwosha kwa sabuni ya vyombo, nikakodi bodaboda nikiwa nimemkumbatia ndani ya koti. Alikata roho kabla hatujafika barabara ya lami. Mbwa alimtafuta siku nyingi, anazunguka pale walipokuwa wakilala.

Ukimpaka mbwa dawa, watenganishe, na umwulize daktari ni kwa muda gani.

MamaTumaini

Pole sana kaka Juma. Nimemsomea mume wangu ujumbe wako, na ile chupa aliyokuwa ameleta tumeirudisha ilikotoka. Simba nimemchambua kupe kwa mkono, wanne tu, nikawatia kwenye mafuta ya taa.

Ndugu zangu, leo ni siku ya ishirini na tatu, nimeona si vizuri kukaa kimya.

Beseni limehamia chumba cha wageni. Mume wangu kakata ubao akaupigilia mlangoni, urefu wa goti. Kadogo anauruka bila shida. Hajakojoa kitandani tena hata mara moja. Simba kapata chanjo yake ya kwanza, minyoo katoa ya kutisha.

Kanga niliyotumia ni ya mama. Sikupanga, ndiyo iliyokuwa juu ya sanduku. Niliigawa vipande viwili, moyo ukaniuma, lakini Kadogo alipokiona cha kwake alikikanda kwa miguu kama anavyokanda tumbo langu, ingawa kilikuwa kinanuka mbwa.

Wiki ya pili tulianza ule mlango wa wavu. Siku ya kwanza Kadogo alitoa mlio akaondoka. Ya tatu alikaa. Simba nimemfundisha neno moja, "tulia", na utumbo wa kuku. Tumaini ndiye mwalimu mkali kuliko mimi, anampa kipande kidogo kama kucha, anasubiri amtazame usoni ndipo anampa kingine.

Jana jioni umeme ulikatika. Tulikuwa sebuleni na taa ya chaji, Simba kafungwa kamba kwenye mguu wa kochi, kachoka, kalala ubavu. Nikasikia Kadogo anashuka. Kwanza kwenye friji, halafu kwenye kiti, halafu chini. Tukanyamaza wote. Alitembea akipitia ukutani, akafika kwenye mkia wa Simba, akaunusa. Simba akafumbua jicho moja. Nikasema "tulia" kwa sauti ndogo sana. Akashusha pumzi, akalifumba tena. Kadogo akamvuka, akaja akapanda mapajani mwangu, kwa mara ya kwanza tangu Simba aje.

Bi Mwana, bado simfungui kamba. Nimeanza kuhesabu hizo wiki sita zako, naomba unisamehe. Swali langu moja: asubuhi Kadogo alimpiga kofi la mguu bila kutoa kucha, Simba alipokaribia sahani yake ya dagaa. Hilo nilikataze au nimwachie?

BiMwana_Tanga

Bila kucha? Mwachie, mwanangu. Hapo anamfundisha adabu. Ila sahani ya dagaa ipandishe juu.