Kidonda kimepona lakini shuka likinigusa nasikia moto, inakuaje?

fundi_kayole
Wadau nisaidieni. Mwezi wa tatu boda ilinibwaga pale Outering, mguu ukapasuka chini ya goti na daktari akasema kuna neva imeumia. Saa hii kidonda kimefunga, imebaki kovu tu, lakini usiku shuka likigusa hapo ni kama mtu amenimwagia chai ya moto, hata upepo wa feni unaniuma!! Nimekunywa brufen mpaka tumbo linalalamika na wapi. Mke ameanza kusema eti ni ya kichwa.

nesi_wa_usiku
Pole kaka. Mwambie shemeji si ya kichwa, ni ya uti wa mgongo. Neva ikiumia inapeleka fujo mpaka huko na seli za ulinzi zinaitwa mikroglia zinaamka, zinamwaga protini inaitwa BDNF. Sasa hiyo inaharibu kazi ya pampu ya KCC2 inayotoa kloraidi nje ya seli za neva. Kloraidi ikijaa ndani, ile kemikali ya GABA ambayo kazi yake ni kutuliza haitulizi tena, saa zingine inachochea kabisa, ndio unaona mguso wa shuka unapita njia ya maumivu. Watafiti wa Kanada walionyesha hii kwa panya, 2003 na 2005.

dere_rongai
Yaani ukikanyaga breki gari inaongeza mwendo 😂 hiyo mbona ni nganya za huku kwetu

nesi_wa_usiku
Umeshika haraka kuliko wanafunzi wangu. Na brufen inapambana na uvimbe pale mguuni, na shida ilishahama. Kuna dawa ya maumivu ya neva inaitwa gabapentini, hiyo inashika mlango wa kalsiamu kwa neva, ile sehemu ya alfa-2-delta ambayo inaongezeka neva ikiumia, kwa hivyo glutameti, ile kemikali ya kuchochea neva zipige kelele, inamwagwa kidogo.

mama_umoja
Mimi nilibaki na moto kama huo baada ya mkanda wa jeshi, nikaandikiwa amitriptilini kidogo ya usiku. Nilishtuka kusikia ni dawa ya huzuni, lakini ilinisaidia, ila asubuhi unaamka kama umelewa. Usijinunulie tu kwa duka la dawa.

fundi_kayole
Asanteni, Jumanne naenda kliniki. Hiyo ya KCC2 nimemsomea mke, amesema ni sawa lakini nilale upande wa ukuta nisimpige teke.