Tupeane uzoefu: kitufe gani kimekuokoa, au kimekuponza, kwenye mc, ranger na wenzao, programu za kupanga faili kwa kibodi tu?

Wa Langoni (mwenye mada)

Asalamu aleikum jamaa. Nina kibanda cha kuchapisha karatasi na kusafisha picha hapa Langoni, Lamu, na laptopu yangu ishaliwa na chumvi ya bahari. Ilianza tachipadi: mshale ukawa unaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Nikanunua kipanya, nacho hakikumaliza kusi. Tangu hapo faili zangu zote nazishughulikia ndani ya terminali, lile dirisha la kuandika amri, kwa Midnight Commander (mc). Vidirisha viwili vya buluu, Tab ya kuvuka huku na kule, F5 kunakili, F6 kuhamisha, F8 kufuta. Ukizoea, mkono hauulizi.

Lakini acheni niwape aibu yangu kwanza, ndipo nanyi mpate moyo wa kutoa zenu.

Msimu wa harusi niliachiwa kadi ya picha. Kushoto kadi, kulia diski yangu. Laptopu hii ni ndogo, haina kitufe cha Insert cha kuwekea alama faili mojamoja, basi huwa nabonyeza alama ya kujumlisha, naandika aina ya faili, mc inazichagua zote kwa mpigo. Nikaandika *.jpg, Enter, F5. Zikaenda. Nikarudi kwenye kadi, nikachagua kila kitu, F8, ndiyo. Kadi nyeupe.

Kesho yake mama wa bibi harusi huyo, mlangoni. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. “Mwanangu, pilau nimeiona. Miguu ya watu nimeiona. Biarusi yuwapi?”

Kumbe mpiga picha alichanganya humo picha za simu na za kamera. Za simu ziliishia .jpg, za kamera .JPG, na kile kisanduku cha kutofautisha herufi kubwa na ndogo kilikuwa na tiki. Mimi nilinakili za simu peke yake. Na mc ikifuta imefuta, haina kapu la taka la kwenda kupekua. Kilichonisitiri ni kwamba sikuwa nimeandika kitu kingine juu ya kadi ile. Nikaipitisha PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, usiku kucha, nyingi zikarudi, ila majina yote yamepotea, nikakaa kuzipanga upya kwa macho. Siku hizi sifuti kadi kabla sijahesabu faili pande zote mbili.

Haya, nani anafuata?

Mzee wa Mkomani

Waleikum salaam, mwanangu. Pole, lakini nimecheka.

Mimi nilikuwa karani Mombasa enzi za DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani, tukitumia Norton Commander, programu ya faili ya John Socha iliyotoka 1986. Nikastaafu, nikarudi Lamu, kompyuta sikuigusa miaka mingi. Mwaka jana mjukuu wangu akanifungulia hiyo mc kwenye mashine yake. Nikaona vile vidirisha vya buluu, na kabla sijafikiri kidole kimeshaenda F5. Mjukuu akaniuliza, “Babu, nani kakufundisha Linux?” Huo mfumo wa mashine yake siujui hata kidogo! Yule Miguel de Icaza wa Meksiko, alipoianza mc mwaka 1994, aliiga Norton, vitufe na vyote. Mikono yangu ilikuwa imeweka amana.

Shida yangu ilikuwa F10 tu. Kila nikitaka kutoka, terminali yenyewe inaidaka na kufungua menyu yake. Dawa: bonyeza Esc, achia, kisha 0. Esc na 5 ni F5, Esc na 8 ni F8, hivyo hivyo. Inafaa pia kwa nyinyi wenye laptopu ambazo F5 imegeuzwa kitufe cha mwangaza.

Dada wa Shela

Mimi ni wa ranger, msinipige. Kazi yangu iko kwenye seva ya ng'ambo, naingia kwa SSH, njia ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa terminali, na mtandao wa huku mnaujua. Terminali inapitisha maandishi matupu, kwa hiyo hata bando ikiwa inakokota mguu naweza kutembea kwenye mafolda.

Wiki ya kwanza nilitaka kulia. h kushoto, j chini, k juu, l kulia: nani alikaa akaamua hivi? Baadaye nikajua kwamba Bill Joy alipoandika vi, programu ya kuhariri maandishi ambayo ranger imeiga vitufe vyake, alikuwa akitumia terminali ya ADM-3A, na mishale ilichorwa juu ya herufi hizo hizo. Basi tunabeba kibodi ya mtu mwingine ya miaka ya sabini. Sasa hata kwenye barua pepe najikuta nabonyeza j nikitaka kushuka.

Kilichonipendeza zaidi ni m. Ukiwa ndani ya folda bonyeza m kisha herufi, mfano m na r kwa ripoti. Siku nyingine, popote ulipo, alama ya ` na r, umefika. Na dd isiwatishe: haifuti, inakata tu, faili inangoja pp ya kuibandika. Inayofuta ni dD.

Kilichoniponza ni Caps Lock. J kubwa inashuka nusu ukurasa, K kubwa inapanda nusu ukurasa. Nilihangaika asubuhi nzima nikidhani seva ina wazimu.

Wa Malindi

Yangu fupi. Nje ya mc, kwenye terminali tupu, nilibonyeza Ctrl na S kwa mazoea ya kusevu. Skrini ikaganda. Nikaifunga kwa nguvu, kazi ikapotea. Nimefanya hivyo mara tatu, siku tatu tofauti, mpaka kijana mmoja akanyoosha mkono akabonyeza Ctrl na Q, ikafufuka. Haikuwa imekufa, nilikuwa nimeiambia inyamaze.

Natumia nnn, ndugu yao mc na ranger, nyepesi mno, inanifaa mashine yangu ya RAM kidogo. Kinachoniudhi: unatembea mafolda kumi, ukitoka unajikuta palepale ulipoanzia. Kuna kijipande cha kuongeza kwenye mipangilio ya shell (programu inayopokea amri ndani ya terminali) ili ikuache ulipofika. Mkiisakinisha, anzeni na hicho.

Mzee wa Mkomani

Wa Langoni, nimerudi kusoma kisa chako. Hiyo Insert unayoililia, umejaribu Ctrl na T?

Wa Langoni

Mzee wangu, subiri niijaribu.

Wa Langoni

Imekubali. Faili imegeuka njano, mshale umeshuka wenyewe kwa inayofuata. Miaka miwili natembea na kibodi ya ziada ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya kitufe kimoja.