Jeraha la risasi: lishonwe siku hiyo hiyo au liachwe wazi?

Muuguzi_Zamu
Wakuu, naomba mwongozo kwa mliozoea tiba ya raia maeneo ya vita. Kituo ni kidogo, rufaa iko mbali na barabara hufungwa siku kadhaa. Majeraha mengi ni ya risasi na vipande vya mabomu, mikononi na miguuni. Yakisafishwa na kushonwa siku hiyo hiyo, baada ya siku tatu yanafumuka kwa usaha na harufu. Antibiotiki zinatolewa. Kasoro iko kwenye dawa, maji au uzi?

Kisu_na_Pamba
Kasoro ni kule kushona. Jeraha la vita halifungwi siku ya kwanza, hata likionekana safi namna gani. Risasi huingia na vipande vya nguo na udongo, na ile yenye kasi kubwa huutanua msuli ghafla, nyama ya kandokando ya njia yake ikafa. Ukishona juu yake umefungia vijidudu vya gangrini ya gesi (nyama kuoza haraka na kujaa gesi) na pepopunda mahali pasipo hewa. Antibiotiki husafiri na damu, na nyama mfu haina damu, kwa hiyo dawa haifiki.

Mpe dawa ya usingizi ya kutosha (ketamini miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, mshipani, polepole). Osha ngozi kwa sabuni. Panua tundu kwa kufuata urefu wa mkono au mguu, maana tundu dogo huficha shimo kubwa, na upasue pia utando mgumu unaofunika msuli ili uvimbe upate nafasi. Halafu kata nyama mfu. Angalia rangi, uimara, kama msuli unajikunja ukiubana na kibanio, na kama unatoa damu ukikatwa. Usiojikunja wala kutoa damu unaondoka. Ngozi ni sugu, punguza ukingo tu. Kipande cha mfupa kilichoshikamana na nyama kiache, kilicho huru kitoe. Usimchimbe mgonjwa kusaka kila kipande cha chuma. Uchafu na nyama mfu ndivyo vinavyomuua.

Suuza kwa maji mengi yanayotiririka bila presha kubwa. Dripu ya chumvi ikiisha, maji safi ya kunywa yanafaa. Mfupa uliovunjika na kutoboa nje huhitaji lita 3 hadi 9, kulingana na ukubwa wa jeraha.

Kisha laza shashi kavu legelege. Ukiishindilia kama kizibo, majimaji hayatoki. Funga bendeji nene, na usiifungue hadi siku ya 4 au ya 5. Hapa ndipo kazi nzuri huharibiwa: jeraha linafunguliwa kila asubuhi "kuangaliwa", na kila mara vijidudu vya wodini vinaingia. Bendeji ikilowa, badili tabaka la nje. Homa, harufu mbaya, maumivu yanayozidi au damu ndiyo sababu za kufungua mapema. Siku ya 5 nyama ikiwa nyekundu na ngozi inakutana bila kuvutwa, shona. Ikiwa bado chafu, kata tena na usubiri.

Tabibu_Mkongwe
Niongeze yasiyongoja. Uso na kichwa vina damu nyingi, kwa hiyo baada ya kusafishwa vizuri hufungwa siku hiyo hiyo. Tundu la kifua linalovuta hewa lazima lizibwe. Utando wa kiungo kama goti ufungwe, ila ngozi ya juu yake ibaki wazi.

Stoo_ya_Dawa
Antibiotiki ni benzilipenisilini, yuniti milioni 5 mshipani kila saa 6, ianze mapema. Aliyechelewa zaidi ya siku tatu aongezewe metronidazo. Pepopunda: chanjo mililita 0.5 kwenye msuli, na kwa asiye na chanjo kamili, imunoglobulini (kingamwili zilizo tayari) yuniti 250, au 500 kama jeraha limepita saa 24. Tumia sindano tofauti na mkono tofauti. Anayevuja damu sana apate asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande) gramu 1 kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu aumie. Baada ya hapo inaweza kumdhuru.

Maji msiyapuuze: panga lita 100 kwa kila upasuaji, na lita 40 hadi 60 kwa kila aliyelazwa kwa siku.

Muuguzi_Zamu
Asanteni sana. Na anayefika na mkanda wa kubana damu mguuni, haujulikani ulifungwa lini?

Kisu_na_Pamba
Waulize waliomleta kabla hawajaondoka, na saa hiyo iandikwe kwenye paji la uso. Ukiwa umefungwa kwa muda wa chini ya saa 2, mweke dripu, andaa bendeji ya kukandamiza, kisha legeza ukiwa unaangalia. Zaidi ya saa 6 usiulegeze: sumu za msuli uliokufa zikirudi mwilini moyo unaweza kusimama. Huyo hukatwa mguu juu ya mkanda. Katikati ya hapo, aamue mpasuaji, kwa hiyo pigeni simu ya rufaa mapema hata kama barabara imefungwa.