Naomba msaada wa kumjibu baba kwa shairi, bustani inatugombanisha

Kitasa Kibovu (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, naishi nyumba moja na baba mzazi, mke wangu na watoto. Mzee alistaafu reli zamani, sasa kazi yake ni bustani ya mbele ya nyumba: asumini, mlangilangi, mpapai, matuta ya mchicha na matembele. Alasiri anamwagilia, wajukuu wako nyuma yake, anawafundisha mashairi na wao wanahesabu mizani, yaani silabi, kwa kugonga ndoo. Sina ubaya na hilo.

Ila tuko barabarani kabisa na nataka kujenga fremu mbili za biashara pale mbele. Nilimweleza, akanyamaza. Leo asubuhi nimekuta karatasi imebandikwa mlangoni kwangu:

*Mwanangu nakuuliza, jawabu sijalipata,*
*Asumini yapendeza, harufu yanifuata,*
*Kwa nini unaniumiza, na miti hujaikata,*
*Fremu ukishazijaza, kivuli utakileta?*

Mimi mashairi siyawezi. Naomba mnitungie ubeti mmoja wa kumjibu kwa heshima, aelewe kwamba maendeleo si ugomvi.

Dereva wa Korogwe
Siti ya mbele. Kahawa na kashata viko wapi?

Bibi Shamba
Mwanangu, shairi baadaye. Asumini usiing'oe ukaitupa. Kata vijiti vilivyokomaa, urefu wa shibiri, toa majani ya chini, chomeka kwenye udongo wenye unyevu, kivulini. Usimwagilie mpaka ukawa tope, vitaoza. Matembele ni vivyo hivyo, kipande cha mtambaa kinatosha. Mchicha haukupi shida, wiki tatu nne unachuma, unasia tena. Mimi hapa uani simenti tupu, mboga nimepanda kwenye magunia. Asumini iko kwenye ndoo iliyotoboka, na Alhamisi jioni wajukuu wa kike wananijia tutunge vikuba vya maua. Mmoja anaiba maua anaweka kwenye begi la shule, mwalimu wake ameshamzoea.

Mjomba wa Wote
Bibi Shamba umejibu swali gani hapo? Kijana, radhi ya mzazi haijengwi kwa tofali. Mimi baba yangu alikuwa na mwembe mmoja tu, nikaukata ili gari iingie. Gari nikaiuza mwaka uleule. Mpaka leo ukitajwa msimu wa embe, ndugu zangu wananitazama.

Karani Mstaafu
Hati ya kiwanja ina jina la nani? Na kibali cha ujenzi cha halmashauri unacho?

Kitasa Kibovu
Ni nyumba ya familia, mkuu.

Karani Mstaafu
Sikuuliza ya nani. Nimeuliza jina.

Kitasa Kibovu
La mzee. Lakini bati jipya nimepiga mimi, umeme naulipa mimi. Kibali kinafuatiliwa.

Karani Mstaafu
"Kinafuatiliwa." Sawa.

Vina na Kati
Samahani wakuu, hii ni chai. Tarbia hiyo, shairi la mistari minne, kila mstari ni mizani kumi na sita, nane kwa nane. Gongeni ndoo wenyewe mstari wa tatu: kwa-ni-ni-u-na-ni-u-mi-za. Tisa! Mzee anayefundisha wajukuu kuhesabu hawezi kumwaga mizani hivyo, tena Tanga. Halafu "kwa nini unaniumiza, na miti hujaikata" ina maana gani? Vipande haviungani. Mleta uzi katunga mwenyewe anatafuta wasomaji.

Dereva wa Korogwe
Nilijua tu! Chai ya tangawizi hii. Rudisheni kahawa yangu.

Mjomba wa Wote
Kumbe mwembe wangu nimeuanika hadharani bure.

Kitasa Kibovu
Si chai. Baba yupo, karatasi ninayo. Mstari wa tatu niliubadilisha kidogo kwa sababu haukuwa na umuhimu.

Vina na Kati
Weka kama ulivyo.

Kitasa Kibovu
*Kodi ya mtu wameza, na miti hujaikata.*

Vina na Kati
Nane, nane. Naomba radhi kwa mzee, huyo ni malenga.

Karani Mstaafu
Kwa hiyo umeshapokea kodi ya fremu ambazo hazipo, kwenye kiwanja kisicho chako, bila kibali?

Kitasa Kibovu
Ya miezi sita, fremu moja tu. Mpangaji alisisitiza mwenyewe. Nimelipia ada za watoto, si kwamba nimekunywa. Na sijui mzee kajuaje.

Bibi Shamba
Anakaa bustanini mbele ya nyumba kutwa nzima, mwanangu, na mpangaji wako alipita wapi? Asumini ilipandwa na nani?

Kitasa Kibovu
Marehemu mama. Lakini mama mwenyewe alipenda biashara, angekubali.

Mjomba wa Wote
Marehemu hawana kawaida ya kukataa.

Vina na Kati
Haya, kwa heshima ya mzee natunga:

*Shikamoo baba yangu, barua nimeisoma,*
*Ada ya watoto wangu, shuleni imenikwama,*
*Acha nusu iwe yangu, nusu ya miti ya mama,*

Kituo, yaani mstari wa mwisho, malizia mwenyewe, sisi hatujui umeamua nini.

Dereva wa Korogwe
"Yangu" mara mbili, fundi.

Vina na Kati
Kwa bei ya bure hiyo inatosha.

Bibi Shamba
Fremu moja pembeni, asumini ibaki. Ndiyo maana ya mstari wa tatu. Umeuelewa?

Kitasa Kibovu
Nimeuelewa, ila ramani ni ya fremu mbili. Kituo nimejaribu hivi, nimegonga meza kabisa:

*Fundi ana fedha zangu, Jumamosi anachimba.*

Vina na Kati
Mizani imetimia. Kina cha mwisho kimepotea.

Karani Mstaafu
Na kibali.