Naomba ushauri: jina fupi la programu lisiloniaibisha ng'ambo

Habari zenu wadau. Natengeneza programu ya simu ya kujifunzia lugha, na nataka jina la silabi mbili tu. Nimelipenda "Sana", kwa kuwa kwa Kifini maana yake ni "neno". Shida ni kwamba jina likiwa fupi hivyo, halikosi kuwa na maana nyingine mahali fulani. "Baba" kwetu na kwa Waturuki ni mzazi wa kiume. Kwa Kipolandi ni mwanamke, tena bila heshima. "Mama" kwa Kijojia ndiye baba! "Si" yetu inakanusha, ya Kihispania inakubali. Na neno la Kijapani la dubu kwetu ni tusi, hilo hapa siliandiki, wajuao wanajua. Mitsubishi waliiuza Pajero kwa jina la Montero kwenye nchi za Kihispania kwa sababu "pajero" huko ni tusi. Wao wana fedha za kubadili jina, mimi sina.

Mliowahi kuchagua jina la bidhaa, mlilikaguaje? Kamusi nyingi huruka matusi ya mitaani. Nitafute wazungumzaji wa lugha kubwa tu, au niongeze silabi ya tatu yaishe?