Bawa juu au bawa chini: mfumo upi wa mafuta ni salama kwa ndege ya kujiundia?

Kijana_Isevya: Wakuu, salaam kutoka Tabora. Tunaunda ndege ya viti viwili, injini ya kabureta, inakunywa lita 20 kwa saa ikikazwa mwisho. Tunabishana: bawa juu ya kichwa, matangi ndani yake, mafuta yashuke yenyewe, au bawa chini na pampu?

Fundi_Cheyo: Bawa juu, ndugu. Matangi yote mawili yanashuka pamoja, koki moja ya kufungua na kufunga, basi. Hakuna pampu ya kufa angani.

Ruka_Kigoma: Bawa chini linawezekana, ila lina masharti. Usiweke koki inayofungua matangi yote kwa pamoja: moja likiisha, pampu inanyonya hewa kama mrija wa soda uliotoboka, injini inazima na tangi la pili limejaa. Koki iwe kushoto, kulia, funga. Zaidi ya pampu ya injini ongeza ya umeme, uiwashe wakati wa kupaa na kutua. Hiyo ikae chini karibu na tangi ili isukume, maana petroli inayonyonywa kwenye bomba la moto hugeuka mvuke. Joto la Oktoba mnalijua.

Binti_Urambo: Kaka, popote matangi yatakapokuwa, koki iwe mbele yako. John Denver, yule mwanamuziki wa Marekani, alifariki California tarehe 12 Oktoba 1997 akirusha Long-EZ, ndege ndogo ya kujiundia. Mchoro wa Burt Rutan, mbunifu wa ndege hiyo, uliiweka koki mbele, kati ya miguu ya rubani. Aliyeiunda ndege ile akaihamishia nyuma ya bega la kushoto, kusudi mabomba ya mafuta yasipite alipokaa rubani. Nia njema kabisa! Lakini kuifikia lazima ugeuke, na wachunguzi walihitimisha kwamba alipokuwa akiihangaikia alikanyaga pedali ya kulia ya usukani wa mkia bila kukusudia, ndege ikamponyoka.

Mzee_Kaliua: Vijana, msisahau nyigu wa udongo. Wakiziba tundu la hewa la tangi, mafuta hayashuki hata bawa liwe juu. Wekeni wavu. Na kabla ya kuruka toeni mafuta kidogo chini ya tangi, maji hutuama huko.

Kijana_Isevya: Shikamoo mzee, asante. Tunaelekea bawa juu. Tutajuaje kama yanashuka ya kutosha?

Ruka_Kigoma: Inueni pua kama inapanda, tangini mafuta machache, chomoeni bomba kwenye kabureta, mkinge kwa kopo mkishika saa. Mfumo wa kushuka wenyewe unatakiwa utoe asilimia 150 ya matumizi ya juu. Wa pampu, 125. Kwenu ni lita 30 kwa saa, yaani nusu lita kila dakika. Fanyeni hivyo nje, mbali na moto, kabla hamjafunika bawa.