Naenda kukaa na babu na bibi kule mji mdogo, nagawaje muda?

mjukuu_wa_mwisho:
Habarini wakuu. Mwezi ujao naenda kuwaona babu na bibi, wanakaa kimji kidogo huko ndani ndani, vile vimji ukishuka tu kwenye basi mtaa mzima unajua mgeni wa nani kafika. Kwenye simu kila siku ni "tuko salama" tu, sasa nataka nikaone mwenyewe. Babu masikio yamepungua, ukiongea anatikisa kichwa na unajua kabisa hajasikia, bibi anachoka haraka ila hataki ionekane, halafu pale kuna ndugu kibao wasiponiona watanuna. Nifanyeje wasihisi nimeenda kuwakagua?

sauti_ya_chini:
Kwa babu usipige kelele jamani. Masikio ya uzeeni huanza kupoteza sauti nyembamba, kwa hiyo anasikia unaongea ila herufi kama s na f zinampotea, ukipaza sauti unazidi kuvuruga. Zima TV, kaa mbele yake, usiipe dirisha mgongo maana anahitaji kuona mdomo wako, ongea taratibu. Asipopata usirudie yaleyale, sema kwa maneno mengine. Wakiwa watu wengi wanaongea kwa pamoja ndio anapotea kabisa so mtafutie muda wenu wawili tu. Na akapimwe, saa nyingine ni nta imeziba mnasingizia uzee, ila usichokonoe na pamba, unaisukuma ndani zaidi.

dada_mkubwa88:
Ndugu wasalimie mchana bibi akiwa amelala, wewe uwafuate makwao, usikubali waje wote kwake maana atasimama kuwahudumia mpaka usiku. Siku ya kufika usiende popote kabisa. Na waambie mapema siku unayoondoka, mzee hapendi kuamka akute begi liko mlangoni.

nesi_wa_zamu:
Mimi nauguza wazee, naomba hili mlichukulie kwa uzito. Angalia bila kuuliza uliza: nguo zimekuwa kubwa mwilini? anashika ukuta akitembea? njia ya chooni usiku ina taa? mikeka inateleza? Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 28 na 35 ya wenye miaka 65 kwenda juu huanguka kila mwaka, na wengi huficha wakiogopa kunyimwa uhuru wao. Wanapoamka wakae kwanza kitandani kidogo, presha inashuka ukisimama ghafla. Dawa waambie wakuonyeshe zote, pamoja na za maumivu wanazojinunulia, maana ibuprofen na diclofenac zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, ila usiwasitishie dawa mwenyewe, andika majina mpeleke kwa daktari. Na mzee akichanganyikiwa ghafla ndani ya masaa au siku mbili tatu huo SIO uzee, inaweza kuwa maambukizi, upungufu wa maji au dawa, wahi naye hospitali. Kiu hupungua uzeeni so maji yawe karibu yao muda wote. Na wewe ukiwa na mafua ahirisha safari.

mjukuu_wa_mwisho:
Asanteni sana, la begi limenigusa. Ila bibi nikishika kitu tu ananinyang'anya, "wewe mgeni kaa". Na babu nikimuuliza habari ananijibu nzuri basi, tunabaki kimya.

kalamu_na_picha:
Usimuulize babu habari za wiki hii, muulize za alipokuwa na miaka kati ya 10 na 30, kumbukumbu za umri huo ndio hubaki imara zaidi kwa watu wengi. Toa picha za zamani, muulize huyu nani, hapa ni wapi, uandike nyuma kwa penseli, wino unaweza kuvuja ukaharibu. Ukiona anachangamka omba ruhusa umrekodi, na akirudia hadithi ileile muache, mara ya pili kuna jina jipya linatoka. Bibi usimwambie pumzika, muombe akae akuelekeze wewe ufanye, akikosoa kubali ufanye anavyotaka yeye. Nyumba ni yake bado.